HAKUFA KWA RISASI, LAKINI ALIKUFA VITANI



Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo, mjini Sumbawanga, jioni ya tarehe 25 Julai, siku ambayo nchi yetu huwakumbuka mashujaa wake. Walionisikiliza ni vijana wa bodaboda, wabeba mizigo wa sokoni, na wengine ambao tangu wamalize kidato cha nne wanasubiri ajira kama wanavyosubiri mvua. Hatukuwa na ukumbi wala kipaza sauti. Sasa nayaandika kwa ajili yako wewe uliye Manzese, Mwanjelwa, Kirumba au Ngarenaro, uyasome kana kwamba tumekaa kijiweni pamoja. Nimeondoa matani, nimeongeza tarehe.

Najua unachokijua kuhusu Sumbawanga. Ukitajiwa tu unacheka, unaanza habari za radi. Mtu akikudhulumu unamtishia kwamba utapanda basi uje huku, na yeye anakulipa kabla hujafika stendi. Wenye kusoma kidogo huongeza kwamba jina lenyewe kwa Kifipa ni kama kusema "tupa uchawi", yaani ukiingia hapa mzigo huo uuache nje. Sawa. Tumeshazoea, tunacheka pamoja nanyi. Ila leo nakuomba uiweke radi kando kidogo. Kutoka kwenye uwanda huu wa juu wa Ufipa, ambako mwezi Juni mtu hatoki asubuhi bila koti, walitoka vijana wa umri wako wakaenda kufa mbali kuliko wengi wetu tulivyowahi kusafiri. Huko vijijini kwao wamebaki wakiitwa "wale waliokwenda wasirudi", na basi.

Nitakueleza habari za mmoja. Ni mdogo wake babu yangu, mzaliwa wa kijiji kimoja upande wa Nkasi. Kwa desturi namwita babu. Alikufa akiwa na miaka 21. Mimi ninayeandika nina miaka 26, maana yake nimeshamzidi babu yangu umri, na kila mwaka nazidi kumwacha nyuma. Jina lake ninalo katika daftari, na ukoo umempa mtoto. Hapa silitaji, kwa sababu wazee wamesema litangulie kuandikwa kijijini, gazeti lifuate. Nimewakubalia.

Twende kwenye vita yenyewe, maana nimegundua kwamba vijana wengi wanaijua kwa wimbo na kwa hasira za wazee, hawaijui kwa mpangilio wake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Iddi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Wakateka eneo lote lililoko kaskazini ya Mto Kagera, wakaua raia, wakaswaga ng'ombe, wakapora mpaka mitambo ya kiwanda cha sukari. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Kisha wakalibomoa daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa, na yale maneno yake ya uwezo, sababu na nia hata wewe uliyezaliwa juzi umeyasikia, maana redio hazichoki kuyarudia.

Kisichorudiwa redioni ni hesabu iliyofuata. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika wiki chache liliongezwa mpaka likazidi 150,000, ukichanganya polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, na mgambo wapatao 40,000. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Edward Sokoine, naye alisimamia kazi ya kukusanya nguvu za nchi nzima. Mikoa ikatakiwa itoe watu. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa. Hayo malori yaweke kichwani, tutayarudia.

Sasa jiulize, mgambo 40,000 wanatoka wapi? Hawakutoka Oysterbay. Walitoka vijijini, wakulima na watoto wa wakulima, na baadhi yao walitoka huku kwetu.

Novemba katika Ufipa ni mwezi wa jembe. Wafipa wana kilimo chao cha matuta makubwa: majani yanafukiwa chini ya udongo yaoze yawe mbolea, kisha matuta yanavunjwa na kupandwa. Ni kazi ya mgongo. Mvua zikianza hakuna kijana anayekaa kitako. Babu yangu aliitwa mgambo wakati huo huo, mvua zimeanza, na dada yake, ambaye mimi namwita bibi na bado yupo hai, anakumbuka kwamba aliacha shamba la ulezi halijamalizika. Mama yao akalimalizia peke yake. Bibi haisimulii habari hiyo kama ya vita. Anaisimulia kama ya shamba: nani alilima, nani alipalilia, nani alivuna, na kwamba ulezi wa mwaka ule uliliwa na mtu mmoja pungufu.

Njia waliyopita nayo inafaa uijue. Wakati ule lami haikuwepo huku. Kutoka Sumbawanga walipanda malori mpaka Mpanda, siku nzima ya vumbi na matope. Kutoka Mpanda wakapanda treni, ile reli inayokwenda kuungana na reli ya kati pale Kaliua, wakafika Tabora, wakashika njia ya Mwanza. Mwanza wakapandishwa meli, wakavuka ziwa mpaka Bukoba. Kijana aliyekuwa hajawahi kufika hata Mbeya akazunguka nusu ya nchi kwa safari moja. Nilielezwa haya na mzee mmoja wa upande wa Laela aliyesafiri naye. Anasema usiku wa melini hakuna aliyelala, si kwa kumwogopa Amin, bali kwa kuogopa maji. Hata wale waliolizoea Ziwa Tanganyika waliona hili ni jingine.

Walifundishwa kwata na shabaha kwa wiki chache. Halafu mbele.

Mwishoni mwa Novemba askari wetu walishaanza kuvuka Mto Kagera kwa daraja la kuunga. Januari 1979 wakaiteka Mutukula. Februari, tarehe 24, Masaka ikawa mikononi mwao. Hapa lazima niseme jambo ambalo katika sherehe halisemwi. Mutukula na Masaka askari wetu walilipiza kisasi. Nyumba zilibomolewa, na Mutukula raia wasio na hatia waliuawa. Mwalimu mwenyewe aliposikia hakupendezwa, akatoa amri kwamba raia wasiguswe. Nalisema kwa sababu kumkumbuka askari si kumpaka chokaa. Kama tunataka tuwajue vijana wale, tuwajue kama watu.

Tarehe 10 Machi wakafika Lukaya, mahali penye kinamasi kwenye barabara ya Kampala. Ndipo ilipopiganwa ile vita kubwa kuliko zote. Brigedi ya 201, ambayo ilikuwa na mgambo wengi mno, wengi wao hawajawahi kusikia mlio wa adui, ilipigwa makombora ya Katyusha na majeshi ya Libya ambayo Gaddafi aliyatuma kumwokoa Amin. Makombora mengi yaliwapita juu. Lakini mtu wa Ufipa aliyezoea mlio wa radi alikuwa hajausikia ule. Mgambo wakavunja safu wakarudi nyuma. Mzee wa Laela hafichi. Anasema, "Tulikimbia. Asiyekimbia siku ile alikuwa kiziwi." Usiku ule wakakusanywa upya, Brigedi ya 208 ikazunguka kutokea upande wa kaskazini, na alfajiri ya tarehe 11 Walibya na watu wa Amin wakajikuta wanapigwa pande mbili. Wakavunjika. Baada ya hapo njia ya Kampala ilikuwa wazi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilikuwa imeanguka. Mapigano yaliendelea kaskazini mpaka tarehe 3 Juni, askari wetu walipofika mpaka wa Sudani.

Nyumbani kwetu habari ilikuja baadaye, katikati ya mwaka. Alikuja mtu na karatasi. Karatasi ilisema amefariki akiwa kazini, haikueleza zaidi. Mwili haukuja. Basi ukoo ukafanya kile ambacho kila ukoo hufanya ukipewa kifo kisicho na maelezo: ukakitengenezea maelezo. Nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba babu aliuawa Lukaya kwa kombora la Walibya, bunduki ikiwa mkononi, akiwa wa mwisho kurudi nyuma. Niliisimulia shuleni. Nilipigiwa makofi.

Halafu nikakutana na mzee wa Laela. Sikwenda kumtafuta kwa ajili hiyo, nilikwenda kuandika habari za bei ya mahindi. Katika mazungumzo akataja kwamba alikuwa mgambo wa mwaka 78, akataja na kijiji cha babu, akataja jina. Nikaweka kalamu chini.

Ndugu yangu, babu yangu hakufa Lukaya. Lukaya alikuwepo, alikimbia na wenzake, akarudi na wenzake. Alikufa wiki kadhaa baadaye, kwenye lori. Lilikuwa mojawapo ya yale malori ya raia niliyokwambia uyaweke kichwani, limebeba masanduku ya risasi na watu juu yake, linatoka Mutukula kwenda Masaka. Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, na taa zilizimwa kwa amri ili adui asilione. Dereva alikuwa hajalala siku mbili. Lori likaacha barabara likapinduka. Walikufa watano. Babu yangu alikuwa amekaa juu ya masanduku.

Nilirudi kijijini na habari hiyo nikiwa kama niliyebeba mzigo wa mtu mwingine. Nilianza kwa bibi. Alinyamaza kwa muda mrefu, akauliza swali moja tu: je, alikufa pale pale, au alilia? Nikamwambia mzee alivyosema, kwamba alikufa pale pale. Akasema, "Basi." Akaendelea kuchambua maharage.

Baba yangu mkubwa ndiye aliyekasirika. Alisema nimemshusha marehemu. Alisema, "Miaka yote hii tuna shujaa, wewe na kalamu yako umetuletea ajali ya barabarani." Nakiri kwamba hoja yake ina uzito, na nakuomba usiidharau upesi. Mtu aliyekufa kwa kombora la adui ana hadithi. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori anaonekana kama mtu yeyote wa Kitonga au Sekenke. Ukisema vitani watu wanavua kofia, ukisema ajali wanauliza dereva alikuwa amelewa au vipi.

Ndipo nilipoanza kusoma. Kuna kitabu kilichoandikwa na waandishi wawili wa Kimarekani walioishi Dar es Salaam na kufuatana na jeshi letu mpaka Kampala, Tony Avirgan na Martha Honey, kilitoka mwaka 1982. Wao wanaandika kwamba askari wa Tanzania waliokufa katika vita ile ni 373. Tulia kidogo na namba inayofuata. Waliouawa na adui, kwa hesabu yao, ni 96 tu. Waliobaki waliuawa na mambo mengine, ajali kwa wingi.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba yule tunayemwona kwenye picha ya shujaa, kifua mbele, risasi kifuani, alikuwa ni mmoja katika kila wanne. Watatu waliobaki walikuwa kama babu yangu. Lori, matope, giza, uchovu, maradhi. Jeshi lililokua zaidi ya mara tatu katika wiki chache, likasafirishwa kwa malori ya kukusanya katika barabara za mvua, haliwezi kufa kwa risasi peke yake. Huyo dereva ambaye hajalala siku mbili, unadhani alikuwa anafanya nini? Alikuwa anapeleka risasi zile zile ambazo bila kufika Masaka, Kampala isingeanguka. Nilimweleza baba mkubwa hivyo. Hakunijibu siku ile. Wiki mbili baadaye alinipigia simu akauliza hao wengine wanne wa kwenye lori walikuwa watu wa wapi.

Sasa tuje kwa wakubwa, maana hii ni sehemu ninayotaka uisome taratibu.

Kila tarehe 25 Julai kunakuwa na gwaride. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, wengine upinde na mshale, na shoka. Tarumbeta inalia, viongozi wa dini wanaomba. Ni jambo la heshima, silibezi, nami likionyeshwa nasimama. Lakini sikiliza lugha inayotumika: "mashujaa wetu". Daima ni wengi, daima hawana kijiji. Hakuna aliyewahi kutajwa kwamba huyu alikuwa mtoto wa fulani, wa Chala au wa Mtowisa au wa Matai, aliacha shamba la ulezi nusu. Wingi ni kitu rahisi sana kwa serikali yoyote. Wingi haudai chochote. Mtu mmoja mwenye jina ana mama, ana ndugu, na ndugu wana maswali.

Yako makaburi ya askari wa vita hiyo kule Kaboya, Wilaya ya Muleba, ndani ya eneo la jeshi, na mnara mweupe wenye majina. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika huko huko. Na waliolala Kaboya peke yao wanazidi ile namba 373 ya kwenye kitabu. Umeliona hilo? Kitabu kinasema hivi, makaburi yanasema zaidi. Tofauti hiyo si ya karatasi. Ni watu, kila mmoja ana kitanda kilichobaki kitupu mahali fulani. Nchi iliyoweza kuhesabu mgambo wakati wa kuwachukua, mkoa kwa mkoa, haishindwi kutoa orodha ya wasiorudi kwa mtindo huo huo, mkoa kwa mkoa, kijiji kwa kijiji, na namna kila mmoja alivyokufa. Ibandikwe kwenye ofisi ya kata. Gharama yake ni karatasi na gundi. Najua kuna wakubwa ambao safari yao moja ya semina ingelipia karatasi hizo na chenji ikabaki.

Na usifikiri hii ni kazi ya kudai wakubwa tu. Nilipoanza kuulizia habari za babu, ofisi moja ya serikali, ambayo siitaji, ilimwambia babu yangu mkubwa alete vielelezo. Vielelezo gani? Barua ya mwaka 1979 ambayo panya walikula. Akaenda mara tatu, mara ya nne nauli ikaisha. Kama kijijini kungekuwa na ubao mmoja wenye majina, au daftari moja kwa mtendaji lililoandikwa na watu wenyewe wakati mashahidi wakiwa hai, mzee yule asingehangaishwa. Hatukuandika. Tuliimba tu.

Si mara ya kwanza Ufipa kupotezewa watu namna hii. Vita ya kwanza ya dunia ilipita hapa hapa. Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ilikuwa ngome ya Wajerumani wakaiita Bismarckburg, na Waingereza waliokuja kutoka Rhodesia ya Kaskazini waliiteka Juni 1916. Vita yenyewe ikaja kumalizika karibu kabisa na mpaka wetu, pale Mbala, ambayo wakati huo ikiitwa Abercorn: Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kuacha kupigana. Nyuma ya majeshi yote mawili walitembea wapagazi, wakibeba chakula na risasi kichwani. Ndio waliokuwa malori ya wakati ule. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi. Ukiwa Dar es Salaam unapita kila siku chini ya ile Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, bayoneti imeelekezwa bandarini. Inamkumbuka askari na mpagazi wote. Ina sura nzuri, haina jina la mtu.

Utaniambia hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani wetu saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017, kule Semuliki, mashariki ya Kongo, kambi yetu ilivamiwa usiku na kuuawa walinda amani wa Kitanzania wasiopungua 14. Januari 2025, mapigano yalipofika Sake na Goma, JWTZ lilitangaza kupoteza askari wawili. Hao wengi ni vijana. Umri wako, washikaji zako, aliyekaa dawati la nyuma yako. Afadhali kidogo kwamba siku hizi miili inarudi, majeneza yanapokelewa kwa bendera, na magazeti yanaandika majina. Lakini gazeti la siku ile linafungia maandazi siku ya tatu. Miaka 40 ijayo nani katika kata yao atajua kwamba kijana huyu alicheza namba sita, alikuwa na mchumba, na alikufa saa ngapi?

Wengine kati yenu mnataka kuingia jeshini. Siwakatazi. Mwenzenu mmoja aliniuliza jioni ile Sumbawanga, "Kwa hiyo unatukatisha tamaa?" Nikamwambia la hasha. Kijana anayekwenda kuapa ana haki ya kujua kifo cha askari kinavyofanana, ili asidanganywe na filamu. Na ana haki ya kujua kwamba akifa kwa malaria kambini au kwa gari kuacha njia, nyumbani kwao hawatalazimika kumtungia uongo ili wamheshimu. Kama hilo la pili hatuwezi kumhakikishia, basi tunamdai maisha yake kwa mkopo.

Mwingine akauliza afanye nini yeye ambaye hana cheo wala ofisi. Nilimjibu hivi, nawe nakujibu hivyo hivyo. Mwaka 1978 mgambo wa miaka 20 sasa anakaribia 70. Wapo. Yupo mmoja mtaani kwenu, pengine ni yule mlinzi wa duka la Mhindi unayempita usiku bila salamu. Mwamkie. Ukipata nafasi ukae naye, lakini usimwulize aliua wangapi, maana hilo ni swali la kitoto na wengi litawafunga mdomo. Mwulize walipanda gari gani. Mwulize walikula nini. Mwulize nani alikaa kushoto kwake na nani kulia, na walikuwa watu wa wapi. Mzee akianza kutaja wa kushoto na wa kulia, majina yanatoka yenyewe. Andika kama anavyotamka, na kijiji, na jina la baba. Usisahihishe. Piga picha ukurasa, umtumie na mtu mwingine, ili daftari likiliwa na panya pawe na nakala.

Kijijini kwetu tumekubaliana ubao utundikwe ofisi ya kijiji. Fundi ameomba apewe majina yote kwa pamoja, hataki kurudia kazi. Bibi anataka la kaka yake liandikwe na neno "lori" chini yake. Baba mkubwa anataka "vitani" tu. Kikao kiliwasikiliza wote wawili, na mpaka naandika haya imeamuliwa yaandikwe yote mawili, ila hawajakubaliana lipi litangulie.

Mzee wa Laela amenipa majina matatu kati ya wale wengine wanne wa kwenye lori. Wawili walikuwa watu wa Rukwa, mmoja alitoka Kigoma. La nne halijamjia. Anasema huwa anakumbuka vizuri zaidi asubuhi kabla jua halijapanda, kwa hiyo safari ijayo nitalala Laela.